Taa za Breezewood ziliwekwa na sheria

Mhariri,

Makala yenu kuhusu I-70, barabara kuu inayovuka majimbo ya Marekani, imewatwika wahandisi lawama isiyo yao kwa taa zinazosimamisha magari njiani. Taa za kuongozea magari za Breezewood, Pennsylvania, chanzo chake ni sheria.

Dereva anayetoka Ohio akielekea mashariki huingia Pennsylvania Turnpike pale New Stanton, na kuanzia hapo I-70 na I-76 ni barabara moja ya kulipia. Akifika njia ya kutokea namba 161, hapo Breezewood, I-70 inachomoka kwenda Hancock, Maryland. Hapo hakuna daraja la kumvusha. Anaangukia US 30, mtaa wa moteli, vituo vya mafuta na mikahawa, anasimama kwenye taa katikati ya matrela, ndipo aipate tena I-70. Kipande chenyewe hakifiki kilomita 1, lakini jaribuni kukipita wikiendi ya sikukuu.

Turnpike ilifunguliwa Oktoba 1940. Sheria ya barabara kuu za majimbo ilitiwa saini na Rais Eisenhower tarehe 29 Juni 1956, na ilizuia fedha za serikali kuu kujenga maungio ya moja kwa moja na barabara ya kulipia, isipokuwa jimbo likubali kufuta tozo deni la ujenzi likiisha. Pennsylvania haikuwa tayari kuachia tozo, basi I-70 ikaishia kwenye mtaa wa kawaida, na Turnpike ikaanzia upande wa pili. Masharti yalikuja kulegezwa, taa zikabaki. Mwenye kituo cha mafuta hapo atalishangilia vipi daraja la kumpitishia wateja juu kwa juu?

Ushauri wenu kwa madereva wa malori nao una pengo. Kwenye I-70 jimboni Colorado, kati ya Dotsero na Morrison, lori la biashara la ratili 16,001 na kuendelea lazima libebe minyororo ya matairi kuanzia 1 Septemba hadi 31 Mei, hata jua likiwaka. Handaki la Eisenhower, lenye njia ya kwanza ya 1973 na ya pili ya 1979, kwa kawaida halipitishi mizigo hatari, wala gari lililozidi futi 13 na inchi 11. Mwenye tangi la petroli hupandishwa Loveland Pass, njia ya juu ya mlima, kwa barabara ya US 6, kwenye mita 3,655. Anayetoka handakini kushuka Silverthorne ashushe gia mapema. Mteremko ni asilimia 7, na breki zikishapata moto hazishiki.

Ramani yenu pia imepitwa na wakati. I-70 ilikusudiwa kukatiza bustani ya Leakin Park hadi barabara kuu ya I-95 ndani ya Baltimore, wakazi wakapinga, mpango ukafa. Tangu 2014 inaishia I-695, barabara inayouzunguka mji huo. Kipande kinachoendelea hadi kwenye maegesho ni barabara ya jimbo, MD 570.

Msomaji wenu,
Columbus, Ohio