Mwanangu, kabla hujamwachia mhudumu wodi

Mwanangu mpendwa,

Huku Chang'ombe hatujambo sote, na baba yako anakusalimu. Uliposema kuwa kuanzia Jumatatu unaingia zamu ya usiku wodi ya wazazi huko Bahi, wewe muuguzi peke yako na mhudumu mmoja tu, niliona nikuandikie. Mambo haya kwenye simu yanapita sikio moja na kutokea la pili.

Nianze na leseni. Kwa Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010, kazi ya uuguzi ni ya aliyetambuliwa na Baraza la Uuguzi na Ukunga na mwenye leseni hai. Mhudumu wa afya hana leseni hiyo. Ukimtuma kazi na mambo yakaharibika, yeye ataulizwa aliifanyaje, na wewe utaulizwa kwa nini ulimpa yeye, ulimwelekeza nini, na ulirudi kuangalia saa ngapi. Mwajiri anaweza kudaiwa fidia mahakamani, lakini leseni inayohojiwa ni yako. Na uzembe katika tiba unaohatarisha maisha ya mtu umo hata kwenye Kanuni ya Adhabu, yaani ni jinai kabisa.

Sasa, nini unaweza kumpa? Kutandika, kuogesha, kulisha, kumsindikiza mgonjwa maabara, kupima joto, kumwaga mkojo na kuusoma kipimo chake: mpe, mradi umemwona akivifanya sawasawa. Usichoweza kumpa ni kumpima mgonjwa mara ya kwanza anapoingia, kuamua dawa itolewe au isitolewe, kuchoma dawa ya mshipani, na kusema kama hali imebadilika. Hivyo vinataka akili iliyosomea.

Chukua mama mwenye kifafa cha mimba aliyeanzishiwa magnesiamu, dawa ya kuzuia degedege, maana huyo utamkuta. Ameshapewa gramu 4 mshipani polepole na gramu 5 kila tako. Baada ya hapo ni gramu 5 kila saa 4. Kabla ya kila sindano lazima ujue mambo matatu: anapumua mara 16 au zaidi kwa dakika, goti linaruka ukiligonga, na mkojo ni angalau mililita 30 kwa saa, yaani 120 kwa saa 4 zilizopita. Dawa hii inatolewa mwilini na figo. Mkojo ukipungua, inajikusanya kwenye damu. Goti linaacha kuruka kwanza, halafu pumzi inafuata. Mhudumu anaweza kukuletea namba ya mkojo. Kugonga goti, kuhesabu pumzi kabla ya sindano na kusema "nachoma" au "sichomi" ni kwako, hata kama chumba cha pili kuna mama anasukuma. Kama huwezi kumwacha huyo anayesukuma, mwite muuguzi mwenzako aliye zamu ya kuitwa kwa dharura. Sindano isichomwe kwa kukisia. Na kalisiamu glukoneti gramu 1, dawa ya kupinga magnesiamu ikizidi, ikae tayari kando ya kitanda tangu mwanzo, siyo kabatini kwenye kufuli ambalo ufunguo hujui uliko.

Jinsi unavyomtuma ndiyo inayoharibu kazi nyingi. "Mama, mwangalie yule wa kitanda cha tatu" siyo maelekezo. Atamwangalia kweli, amelala vizuri, basi. Sema: "Mama, yule wa kitanda cha tatu, kila saa nisomee mkojo na uniandikie. Ukiwa chini ya mililita 30, au ukimwita asiitike, au pumzi ukaiona nzito, njoo uniite hapohapo hata kama nazalisha." Halafu mwombe akurudie ulichosema. Mhudumu huyo huenda ana umri wangu, na wodi ile anaijua kuliko wewe. Shikamoo yako itangulie, umwite mama, na kumwambia akurudie maneno usione haya. Mwambie nawe ni desturi yako kwa kila mtu. Lakini heshima isikufanye umwachie achome sindano kwa sababu "amezoea". Kuzoea hakumpi leseni.

Damu ya kumwongezea mgonjwa nayo: mnaikagua watu wawili wenye sifa, jina la mgonjwa, namba na kundi, palepale kitandani. Dakika 15 za mwanzo unakaa naye mwenyewe, kwa kuwa mzio mbaya na damu isiyooana hujitokeza mapema. Isizidi saa 4 tangu uianze.

Kigogo chako ni cha kuombea maji, kwa hiyo mhudumu atakutafsiria. Ni sawa, ila maelezo ya upasuaji au ya dawa uyatoe wewe, sentensi fupi fupi, yeye afasiri tu, na jina lake uliandike kwenye faili kuwa ndiye aliyetafsiri. Usimwambie "kamweleze asaini".

Kuna na kazi inayotoka juu kuja kwako. Tabibu akikuagiza kitu ambacho hukufundishwa, sema mapema kabla mgonjwa hajawekwa mezani, kisha umjulishe mfawidhi, yaani mkuu wa kituo, na uandike. Agizo la simu liandike linapotoka, umsomee, uweke saa na jina lake, naye asaini akifika.

Nimalizie na saa, kwa sababu hili linawaponza wengi. Mhudumu akikwambia "mkojo wa saa saba", anamaanisha saa saba usiku. Wewe kwenye faili andika 01:00, na saa ya sindano vivyo hivyo. Ukiandika sindano ya saa 7, anayepokea zamu atasoma 07:00, atahesabu saa 4 za dozi kutoka hapo, na mama atakosa sindano wakati anaihitaji. Andika aliyepima ni nani, na usisaini kipimo ambacho hukukiona wala hukuambiwa. Ukikosea, piga mstari mmoja ili maneno ya chini yasomeke, weka sahihi, andika upya. Ukifuta kwa wino mweupe, kesho itaonekana kuna kitu ulificha.

Na kama wodi ina mama watatu wenye uchungu nawe uko peke yako, mpigie mfawidhi usiku huohuo, kisha uandike saa uliyopiga na alichojibu.

Nimempa kondakta wa basi la Bahi la asubuhi kifurushi chako. Mna zabibu, daftari dogo la mfukoni, na saa ya mkononi yenye mshale wa sekunde. Pumzi uihesabu dakika nzima, siyo nusu ukazidisha mara mbili.

Mama yako