Malalamiko kuhusu tathmini yenu ya mabomba ya gesi ya plastiki ya zamani

Kwa Meneja wa Usalama,
Kampuni ya Usambazaji wa Gesi.

Ndugu Meneja,

Nimepata majibu yenu kuhusu bomba la gesi linalopita chini ya mtaa wetu, na sijaridhika nayo. Mmeliweka katika kundi la hatari ndogo kwa sababu halijawahi kuvuja. Ninachokilalamikia ni kigezo hicho.

Plastiki haishiki kutu, hilo nakubali. Lakini poliethilini ya zamani, yaani plastiki inayotengenezewa mabomba ya gesi, hasa ya miaka ya 1960 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980, ina ugonjwa wake. Ufa mdogo huanzia upande wa ndani: pale jiwe linapoligandamiza bomba, pale fundi alipolibana kuzuia gesi wakati wa matengenezo, au pale udongo ulipotitia ukalipinda karibu na kiungio. Ufa huo hutambaa kwa miaka mingi, na joto la ardhini huuharakisha. Bomba halivimbi wala halibadiliki umbo. Uvujaji wa kwanza unapoingia kwenye daftari lenu, ufa umeshatoboa hadi nje. Basi daftari safi linathibitisha nini?

Watu wa kazi yenu wanayajua haya. Mwaka 1994, huko Waterloo katika jimbo la Iowa, Marekani, bomba la aina hii lilipasuka kwenye kiungio na mlipuko ukaua watu 6. Mwaka 1998 Bodi ya Taifa ya Usalama wa Usafiri ya Marekani, ambayo huchunguza pia ajali za mabomba, ilionya kwamba utaratibu uliotumika kupima mabomba mengi ya enzi hiyo huenda uliyahesabia nguvu kubwa kuliko yaliyokuwa nayo. Na mwaka 2023, huko West Reading, Pennsylvania, watu 7 walikufa katika kiwanda cha chokoleti. Kiungio cha plastiki cha mwaka 1982, kilichokuwa kimeshaacha kutumika lakini bado kina gesi, kilipasuka karibu na bomba la mvuke lililokuwa likipasha udongo joto.

Niliwauliza bomba letu lilitengenezwa na nani na lilifukiwa mwaka gani. Mkajibu kwamba kumbukumbu hazijakamilika. Jibu hilo limeniudhi kuliko yote, maana mmegeuza kutojua kuwa usalama. Bomba lisilojulikana asili yake lilipaswa kupandishwa daraja la hatari.

Wala msitegemee pua zetu. Harufu inayotiwa kwenye gesi inaweza kunyonywa na udongo kabla gesi haijafika chini ya sakafu.

Naomba mchimbe sehemu chache, hasa kwenye viungio, mkate vipande mvipime maabara. Tathmini izingatie aina ya plastiki, mwaka, mgandamizo wa mawe, mipindo na joto la ardhi, pamoja na nani yuko juu ya bomba: kuna shule na nyumba zenye vyumba vya chini ya ardhi. Wakati mkisubiri vipimo, ongezeni ukaguzi wa uvujaji kwa vifaa.

Nataka majibu ya maandishi ndani ya siku 30, yakitaja aina ya bomba, mwaka wake na daraja jipya. Yasipofika, nitawasilisha barua hii na majibu yenu ya awali kwa mamlaka inayosimamia huduma za gesi.

Wenu,
Mteja na mkazi wa mtaa husika