Kwa Salim, kuhusu mkono unaosahau

Mkomani, Lamu

Ndugu yangu Salim,

Assalaam alaykum. Barua yako imenifika pamoja na ile halua. Mama anakushukuru sana. Halua ameshaificha, kwa hiyo mimi nakushukuru kwa barua tu.

Unasema Jumamosi nzima ulichonga waridi lile lile, hata kufika alasiri patasi ikawa inakwenda yenyewe, na Jumatatu ukashika ubao mpya ukaona mkono mzito kama hujapata kuchonga. Ukamalizia kwamba huenda kazi hii hukuandikiwa. Hilo la mwisho liache. La kwanza ndilo lenye maneno.

Ulivyochonga vizuri alasiri ile si kipimo cha ulichojifunza. Mwaka 1979 watafiti wawili, John Shea na Robyn Morgan, waliwafundisha watu mifuatano mitatu ya kusogeza mkono haraka na kuangusha vibao vidogo. Kundi moja lilirudia mfuatano wa kwanza mpaka likaumaliza, ndipo likaingia wa pili, kisha wa tatu. Kundi jingine lilichanganyiwa yote mitatu. Wakati wa mazoezi, kundi la kwanza ndilo lililong'ara. Walipopimwa tena baada ya dakika 10, na tena baada ya siku 10, waliochanganyiwa wakawa mbele. Maelezo mojawapo ni kwamba anayerudia jambo moja halazimiki kuutunga upya mpango wa mwendo, kwa kuwa bado anao. Anayebadilisha hana budi kuutunga kila mara, na huko kuutunga ndiko kunakoukaza.

Fundi wetu hajasoma habari hizi, lakini hamwachii kijana waridi asubuhi nzima. Petali mbili tatu, kisha mnyororo wa kwenye mwimo, kisha anoe patasi, kisha arudi kwenye waridi juu ya ubao ambao nyuzi zake zinakwenda mshazari. Kijana hunung'unika kwamba haachwi akazoea. Juzi nilimtazama kwa karibu. Akifika kwenye kona ya petali, huinua mpini wa patasi kidogo mno kabla ya kupiga, maana pale ncha ikiingia kinyume cha nyuzi mbao huchanika mpaka nje ya mstari wa penseli. Nilimuuliza nani kamfundisha kuinua vile. Akasema hainui kitu.

Na hakunidanganya. Kujua kwa mkono na kujua kwa maneno hukaa mahali tofauti ubongoni. Alikuwako Mmarekani, Henry Molaison, ambaye mwaka 1953 alipasuliwa kichwa ili kumtibu kifafa, akaondolewa sehemu kubwa ya hipokampasi, zile sehemu za ndani ya ubongo zinazoweka kumbukumbu, za pande zote mbili. Tangu hapo hakuweza kuweka kumbukumbu mpya za matukio. Mtafiti mmoja, Brenda Milner, akampa kazi ya kuchora nyota huku akiutazama mkono wake kwenye kioo tu. Kwa siku tatu makosa yakazidi kupungua, na kila siku mwenyewe hakumbuki kwamba amewahi kuifanya kazi ile!

Sehemu inayohusika sana na ustadi wa namna hii ni serebela, iliyo kisogoni. Ni ndogo, lakini kati ya seli za neva bilioni 86 hivi za ubongo wa mtu, bilioni 69 hivi zimo humo. Kazi yake mojawapo ni kubashiri: kabla nyundo haijagusa mpini, imeshakisia mkono utahisi nini. Mambo yakija kinyume, ile tofauti ndiyo inayorekebisha miunganiko ya seli. Sasa ubao ule ule, waridi lile lile, tangu asubuhi mpaka alasiri, utakuletea tofauti gani?

Halafu kuna usingizi. Mwaka 2002 Matthew Walker na wenzake waliwafunza watu kubonyeza vitufe kwa vidole kwa mpangilio maalumu. Waliolala usiku waliamka na kasi iliyoongezeka kwa asilimia 20 hivi, bila kushika kitufe hata kimoja katikati. Saa kama hizo za kukaa macho hazikuleta nyongeza ya maana. Wengine baadaye wamebishana juu ya ukubwa wa faida hiyo. Bishaneni, lakini mchongaji anayekesha na mpira wa Ulaya simuelewi.

Basi ile Jumamosi yako igawe. Nusu saa kila siku baada ya Alasiri, waridi na mnyororo kwa zamu, mbao laini leo na ngumu kesho. Itakuudhi, na kazi ya kila siku itaonekana mbaya kuliko ya Jumamosi ile. Usiihukumu jioni, ihukumu asubuhi ya pili, kwa petali ya kwanza kabla mkono haujapata moto.

Fundi anauliza kama huko Malindi bado mnapata mbambakofi iliyokauka vizuri, na kwa bei gani. Nijibu kabla ya Ijumaa, kuna mtu wa Shela anataka mlango na ana haraka.

Wasalaam,
Twalib