Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Majengo: nyuzi 21 umezipima wapi?

Ndugu Mkurugenzi,

Salamu na heshima zako. Tangazo lako tumelisoma: wanafunzi wavae nguo nzito, kwani kipimo cha ukumbi mkubwa kinaonyesha nyuzijoto 21. Ahsante kwa ushauri. Waliofanya mtihani Jumatatu asubuhi walikuwa wameshavaa makoti na glavu, na kwa glavu kalamu haishikiki.

Hizo nyuzi 21 hatuzibishii. Kihisio, yaani kifaa kinachopima joto hilo, kimefungwa ukuta wa ndani, juu ya projekta, mahali ambapo hakai mtu. Mwanafunzi amekaa dirishani.

Mwili hauhisi hewa peke yake. Karibu nusu ya joto unalolihisi hutokana na kuta, sakafu na vioo vinavyokuzunguka. Hewa ikiwa nyuzi 21 na nyuso hizo zikiwa kwa wastani nyuzi 15, aliyekaa hapo anahisi kama yuko kwenye nyuzi 18. Kiwango cha kimataifa cha starehe ya joto, ISO 7730, kwa watu waliokaa darasani wakati wa baridi ni nyuzi 20 hadi 24, na kinahesabu vyote viwili, hewa na nyuso. Vioo vyetu ni vya tabaka moja. Hupoteza joto mara nne au zaidi ya vile vya kisasa vya tabaka mbili. Hewa ikigusa kioo hupoa, huwa nzito, inashuka moja kwa moja hadi miguuni.

Rejeta nazo, yaani vyuma vinavyopasha ukumbi kwa maji ya moto kutoka kwenye boila: zilizo karibu na boila zinaunguza, za safu ya nyuma ni vuguvugu. Maji hupita penye njia nyepesi. Kwanza zitolewe upepo, maana rejeta yenye baridi juu na moto chini imejaa hewa. Yenye baridi chini katikati ina tope la kutu. Hiyo ifunguliwe isafishwe, kutoa upepo hakutaisaidia. Kisha vali za kurudishia maji za rejeta za karibu zibanwe kidogo kidogo, za mbali ziachwe wazi, huku fundi akipima bomba la kuingiza na la kurudisha mpaka tofauti zikaribiane kote. Ni spana, kipimajoto na saa za fundi. Uliahidi kazi hii ingefanyika kabla ya baridi kuanza. Baridi ipi, hukusema.

Sasa Jumatatu. Boila huzimwa Ijumaa jioni, huwashwa Jumatatu saa 12 asubuhi, mtihani saa 2. Hewa inapata joto upesi, kihisio kinaridhika, boila inapunguza moto. Zege lililopoa siku mbili linahitaji saa nyingi zaidi, kwa hiyo kuta zinaendelea kuwanyonya watu joto hadi mchana. Ndipo wengine wanaziba madirisha kwa utepe wa gundi, na ukumbi unakosa hewa safi.

Utatuambia bajeti ya madirisha haipo. Sawa, madirisha yasubiri. Kihisio kisubiri. Hata fundi, kama bado yuko njiani, asubiri. Boila iwashwe Jumapili saa 12 jioni. Jumapili jioni, Ndugu Mkurugenzi, si Jumatatu alfajiri. Saa hiyo hubadilishwa kwenye kisanduku cha kudhibiti boila, na ufunguo wake uko ofisini kwako.

Wako,
Wanafunzi wa uhandisi wa mitambo, mwaka wa tatu