Laptopu ya mtumba: diski isomwe kabla pesa haijatoka mfukoni

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako niseme na watu wawili: anayenunua laptopu ya mtumba na anayemuuzia. Mimi ni fundi wa kompyuta, mwanamke, kibanda changu kiko Ngamiani hapa Tanga. Mashine nyingi ninazoletewa zimetoka Kariakoo, nyingine zimevuka Horohoro zikitokea Mombasa. Sioni tofauti. Kote zinafutwa vumbi, zinapigwa Windows mpya, zinapangwa mezani.

Mtu akienda kununua gari lililotumika, hata kama hajui kuendesha, atachungulia dashibodi aone limetembea kilomita ngapi. Mtu huyohuyo akinunua laptopu atauliza RAM, atajaribu kamera, atafungulia muziki asikie spika, kisha atahesabu noti. Diski, ambayo ndiyo itakayobeba hesabu za duka na picha za marehemu mama yake, haiulizwi umri. Na umri wake umeandikwa humo humo ndani, kwa saa. Kuusoma hakuna gharama, na muuzaji hatakuwa amemaliza kuandika risiti.

Nieleze ninavyofanya. Nina flashi yenye Linux, mfumo wa bure wa kuendesha kompyuta badala ya Windows. Naichomeka, nawasha mashine kutokea kwenye flashi hiyo, diski yake siigusi. Nafungua lile dirisha jeusi ambalo wateja wangu hudhani ni la wadukuzi, naandika lsblk, nabonyeza Enter. Inashuka orodha fupi. Kuna sda, ukubwa 465.8G, chini yake sda1 na sda2, yaani vipande ilivyogawanywa, halafu kuna sdb, ambayo ni flashi yangu mwenyewe, na kwenye safu ya RM imewekewa 1 kwa kuwa ni kifaa cha kuchomoa. Hapo nimeshajua mashine ina diski ngapi na kila moja ina ukubwa gani, bila kutegemea kibandiko cha mtu.

Kwa sababu ya hiyo 465.8 muuzaji asigombezwe. Kiwandani gigabaiti huhesabiwa kwa elfu, lsblk inahesabu kwa 1,024. Ndiyo maana diski ya 500 inasomeka 465.8, na ya terabaiti moja inasomeka 931.5. Hakuna aliyeibiwa. Ugomvi huo nimeusuluhisha sana, na sijawahi kulipwa hata soda.

Pa kugombeza ni hapa: ukiandika lsblk -d -o NAME,SIZE,ROTA,MODEL unaletewa safu ya ROTA. Ikiwa 1, hiyo ni diski ya sahani inayozunguka; ikiwa 0, ni SSD, yaani diski ya chipu isiyo na kitu kinachozunguka. Nimeona laptopu imeandikwa "SSD 500" kwa kalamu nene, bei imepandishwa kwa sababu ya herufi hizo tatu, na ROTA inasema 1. (Isome diski ikiwa ndani ya mashine. Ukiipitisha kwenye kebo ya USB, safu hiyo inaweza kudanganya.)

Hata hivyo lsblk kazi yake ni kuorodhesha. Diski inayokaribia kukata roho huorodheshwa vilevile kama iliyotoka dukani leo. Ya kupima afya ni smartctl, iliyomo kwenye smartmontools, programu ya bure iliyoanzishwa mwaka 2002 na Bruce Allen, mwanafizikia wa mawimbi ya mvutano. Mtu mwenye kompyuta nyingi za kuchakata hesabu zake ana sababu ya kutaka kujua diski ipi itamwangusha.

Unaandika sudo smartctl -a /dev/sda, na diski yenyewe ndiyo inayojieleza, kwa kuwa tangu miaka ya 1990 watengenezaji wamekuwa wakiweka ndani yake daftari la matukio yake. Usitishwe na wingi wa mistari. Kwenye diski za SATA, aina ya uunganishaji ya siku nyingi, natazama mitatu. Namba 9 ni saa ilizofanya kazi: mwaka mzima bila kuzimwa ni saa 8,760, kwa hiyo ukikuta 26,000, hiyo imekesha karibu miaka mitatu, haikuwa laptopu ya bibi wa Ulaya aliyekuwa akisoma barua pepe Jumapili. Namba 5 ni sekta, yaani vijisehemu vya kuhifadhia, zilizoharibika, diski ikazitelekeza na kutumia za akiba. Namba 197 ni sekta inazoshindwa kuzisoma na bado haijajua izifanyeje. Hii ya mwisho, ikiwa si sifuri, mimi silipi. Kwenye SSD za NVMe, aina mpya zaidi ya uunganishaji, mistari ni tofauti. Huko tafuta palipoandikwa Percentage Used, ndipo utaona imeshaliwa asilimia ngapi ya uhai wake.

Sasa kuna neno PASSED, ambalo wauzaji wajanja wamelishika. "Angalia mwenyewe dada, PASSED hiyo!" Neno hilo maana yake ni kwamba diski haijavuka kiwango alichojiwekea mtengenezaji, na viwango hivyo vina huruma mno. Mwalimu mmoja wa sekondari aliniletea laptopu aliyoinunua ili aingizie alama za mtihani wa utamilifu wa kidato cha nne. Ilikuwa inaganda kila akifungua faili. Nikaisoma mbele yake: juu PASSED, chini namba 197 ina mamia.

"Fundi, si imefaulu lakini?"

"Imefaulu, Mwalimu. Kwa D."

Alicheka, kisha akanyamaza alipokumbuka kuwa alama za wanafunzi hazikuwa mahali pengine popote. Tulizivuta kwa ddrescue kwenda kwenye diski nyingine isiyo na ubovu. Programu hiyo huchukua kwanza yale yanayosomeka kwa urahisi, kisha ndiyo inarudi kuhangaika na sehemu mbovu. Kabla ya kuianzisha, niliita lsblk tena, safari hii na safu ya SERIAL, nikalinganisha namba na kibandiko cha kila diski. Majina sda na sdb si ya kudumu. Ukizima na kuwasha, ya jana inaweza kuamka na jina la mwenzake. Ukiyageuza, unamwaga diski tupu juu ya diski yenye kazi ya watu, na hapo hakuna fundi wa Tanga wala wa Dar atakayekusaidia.

Wapo watakaosema namba hizi hazitabiri kila kitu. Ni kweli. Watafiti wa Google walitoa mwaka 2007 matokeo ya diski zao zaidi ya laki moja: zaidi ya nusu ya zilizokufa hazikuwa zimeonyesha hata moja ya dalili nne kubwa. Lakini utafiti huohuo ulionyesha kuwa diski ikishapata kosa la kwanza la usomaji linalogunduliwa kwenye ukaguzi, uwezekano wa kufa ndani ya siku 60 unapanda mara 39 kuliko isiyo na kosa hilo. Kwa hiyo namba safi hazikupi ruhusa ya kuacha kuweka nakala, ila namba mbaya zinatosha kukurudisha nyumbani na pesa zako.

Na hizo saa za kazi huchakachuliwa. Mwanzoni mwa 2025 wanunuzi nchini Ujerumani waligundua kuwa diski za Seagate walizouziwa kama mpya zilikuwa zimefanya kazi maelfu ya saa. Mtu fulani njiani alikuwa ameifuta ile namba 9. Udanganyifu huo ulibainika kwa sababu diski hizo zina daftari la pili, linaloitwa FARM, na matoleo mapya ya smartctl hulisoma kwa smartctl -l farm. Kama wamethubutu kwenye diski "mpya" za Ulaya, sisi wa mtumba tuwe macho.

Ombi langu kwa wenye maduka ni dogo. Andikeni kwenye risiti namba ya utambulisho ya diski (ile SERIAL), saa zake, na mistari ya 5 na 197. Mteja akirudi baada ya wiki analalamika, mtakuwa na karatasi ya kujitetea: ama diski ni ileile ama ameibadilisha. Nashangaa kwamba ni mimi ninayewaomba jambo linalowalinda ninyi.

Wakuu wa shule mnaopokea kompyuta za msaada, msisaini kabla hazijasomwa. Kontena la mashine zenye diski zilizochoka linaigharimu shule fundi, nyaya, na chumba chenye kufuli kisichofundisha mtu.

Asiye na Linux atumie PowerShell, dirisha la amri la Windows, aandike Get-PhysicalDisk. Ataona orodha ya diski na hali yake, japo neno Healthy analojibiwa alichukulie kama ile PASSED. Ile amri ya zamani ya wmic diskdrive get model,status msiizoee, Microsoft inaiondoa kwenye Windows 11.

Wapo wauzaji hapa mjini wanaoniruhusu nichomeke flashi yangu dukani kwao bila kununa. Wawili kati yao siku hizi wanaendesha smartctl wenyewe kabla mteja hajauliza, na wateja wangu wote wanaotaka mashine nawaelekeza huko.

Fundi wa kompyuta,
Ngamiani, Tanga.