Kaka, kuhusu hela ya mamluki

Castlebar, Ayalandi
Novemba 2025

Kaka,

Assalaam aleikum. Huku sisi wazima, baridi tu ndiyo imeanza kututia adabu. Mama nilizungumza naye Ijumaa, akaniambia uvimbe wa mguu umepungua, alhamdulillahi. Watoto wape salamu zao, na wifi mwambie kile kitenge nimekiona kwenye picha, kimemkaa.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikia vizuri. Unataka nichangie hela ya kuleta mamluki watatu kutoka Tanga mjini kwa ajili ya kombe la diwani, kwa kuwa wenzenu wa ng'ambo ya mto nao wameleta. Nitakujibu. Ila nivumilie kidogo, maana hela na mpira ndiyo gumzo la kazini kwangu mwaka mzima, na usiponisikiliza kwanza utasema dada yako amekuwa mchoyo.

Usidhani nasema soka. Soka wanalo, lakini mchezo wanaoupenda kufa ni wao wenyewe, wanauita Gaelic football, yaani mpira wa Kigaeli. Unafanana na soka kwa mbali: watu kumi na watano kila upande, mpira unashikwa kwa mikono, unapigwa kwa mguu au kwa ngumi, na ukiushika huruhusiwi kwenda zaidi ya hatua nne bila kuudundisha au kujipasia mwenyewe kwa mguu. Magoli yana nguzo ndefu zinazopita juu ya mwamba. Ukiutia wavuni ni pointi tatu, ukiupitisha juu ya mwamba ni moja. Wana na mwingine wa fimbo, hurling, huo mimi nautazama kwa kidole kimoja machoni, jinsi fimbo zinavyopita karibu na vichwa vya watu.

Michezo hiyo ina chama chake, GAA (Gaelic Athletic Association), kilichoanzishwa mwaka 1884 kwenye hoteli moja katika mji wa Thurles, enzi za Mwingereza. Mpaka leo ni mchezo wa ridhaa. Hakuna mshahara, hakuna dau la usajili. Kila parokia ina klabu, na mtu huchezea kwao. Walio bora ndio wanaochukuliwa kuchezea kaunti, na kaunti ndizo zinazogombea ubingwa wa nchi nzima pale Croke Park, Dublin, uwanja unaoingiza watu zaidi ya elfu themanini. (Ndio ule niliokwambia Waislamu waliswalia Idd mwaka 2020, wakati wa korona.) Sasa fikiria kijana anacheza fainali Jumapili mbele ya umati huo, halafu baada ya siku mbili tatu yuko darasani anafundisha hesabu, au yuko zizini na ng'ombe wake. Anachopata ni hela ya mafuta ya gari, na ruzuku kidogo ya serikali. Na hiyo ya mafuta nayo iliwatia ugomvini: mwaka 2022 wachezaji wa kaunti walikataa kuzungumza na waandishi wa habari mpaka wasikilizwe.

Kaunti yangu, Mayo, kombe la huo mpira wa Kigaeli haijalishika tangu 1951. Wamefika fainali tena na tena, wakatoka mikono mitupu. Wenyewe husimulia kwamba mabingwa wale wa 1951 walipita kwa shangwe mbele ya msiba bila kusimama, wakalaaniwa. Nilipoisikia mara ya kwanza nikasema, kumbe na Wazungu wana mambo haya.

Sasa hela. Wachezaji hawalipwi, lakini usifikiri hela haipo. Tiketi ya kukaa fainali imefika yuro 100. Kuna wadhamini, kuna televisheni. Kule Cork walijenga upya uwanja wao, Páirc Uí Chaoimh, wakabaki na madeni, na mwaka 2024 wakataka kuuza jina kwa kampuni ya maduka ya vyakula. Uwanja umeitwa kwa jina la katibu mkuu wao wa zamani, kwa hiyo watu walikuja juu. Mwisho wakapatana, jina la duka likatangulia na la marehemu likabaki nyuma yake. Na kuziandaa timu za kaunti, zote kwa pamoja, kunakula zaidi ya yuro milioni 40 kwa mwaka. Inaliwa na usafiri, vyakula, mahoteli, wataalamu wa misuli, wataalamu wa takwimu, kila aina ya mtaalamu anayetoa ankara. Anayetokwa jasho ndiye pekee asiye na ankara.

Halafu makocha. Nao kwa kanuni hawalipwi. Lakini uliza mtu yeyote hapa, atakwambia kocha anayeendesha gari saa mbili kuja kufundisha klabu isiyo ya kwao hafanyi hivyo kwa thawabu. Bahasha zinapita chini ya meza. Rais wao mmoja wa zamani, Peter Quinn, alitaka kulichunguza jambo hilo, na anasifika kwa kusema kuwa si malipo tu hawakuyaona, hata meza zenyewe hawakuziona. Huo ulikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini, Kaka. Meza bado zinatafutwa.

Kinachoniuma zaidi ni cha pale kazini. Tuna mzee mmoja, miguu haifanyi kazi tena, ila kichwani ana majina ya timu nzima nzima za ujana wake. Zamani alikuwa anawasha redio au televisheni, basi. Siku hizi baadhi ya mechi zinaonyeshwa kwenye intaneti tu, kwa kulipia, na lazima uwe na akaunti na neno la siri. Mzee wa miaka tisini na neno la siri! Siku ya mechi mjukuu wake analipia kutoka Dublin, mimi naweka tableti juu ya kimeza cha dawa, nimeiegemeza kwenye jagi la maji. Intaneti ikikwama, picha inaganda mguu wa mtu ukiwa hewani, na mzee ananitazama mimi kana kwamba ndimi niliyeuganda. Alilipia klabu yake ada maisha yake yote, akauza bahati nasibu ya klabu mlango kwa mlango. Leo anauziwa mchezo alioulea.

Huyo mzee ndiye aliyenifundisha na sheria mpya, akizilaani. Ilivyokuwa, mchezo ulikuwa umedorora. Timu inarudisha watu wote nyuma, wenzao wanapasiana kwa mikono kushoto kulia, kulia kushoto, watu wanasinzia. Basi mwaka 2024 rais wa chama, Jarlath Burns, akampa kazi Jim Gavin, yule aliyewapa Dublin ubingwa mara tano mfululizo, aunde kamati ya kuutengeneza. Wakaja na sheria rundo. Umechorwa upinde wa mita 40 kutoka golini; ukipiga kutoka nje yake mpira ukapita juu ya mwamba, ni pointi mbili, na yule mwamuzi wa golini mwenye koti jeupe kama la daktari anainua bendera ya rangi ya chungwa. Kila timu lazima iache watu watatu nusu ya mbele, marufuku kurudi wote nyuma. Ukibishana na refa, mpira unasogezwa mita 50 kuelekea golini kwako. Hii ya mwisho naomba mwilete kwenye ndondo zetu kesho asubuhi.

Walizijaribu Oktoba 2024, wakazipigia kura Novemba, Januari zikaanza kutumika. Mwezi uliopita wamezipitisha ziwe za kudumu. Wapo wanaolalamika kwamba vijana sasa wanakimbia mno na mazoezi yamezidi, na kila kijiwanja cha parokia kimebidi kichorwe upya. Lakini hata mzee wangu, fainali ya Julai Kerry walipowachapa Donegal, kila chungwa ilipoinuliwa alipiga kiganja kwenye blanketi. Nilimwona.

Wanawake nao walikuwa na lao. Kwenye ule mchezo wa fimbo kanuni iliwalazimisha wavae sketi yenye kaptura ndani. Mwezi wa tano wachezaji wa Dublin na Kilkenny wakaingia uwanjani na kaptura, wakaambiwa wabadilishe la sivyo hakuna mechi. Wakabadilisha, ila nchi nzima ilikuwa imeshaona. Hazikupita wiki nyingi, mkutano mkuu ukapiga kura, asilimia 98 wakakubali kila mtu achague mwenyewe. Mwenzangu wa zamu, mtu wa Galway, siku hiyo alitununulia keki wodi nzima.

Unaona ninapokwenda, Kaka. Sheria za uwanjani, zile ambazo wazee walizishika kama dini, zimebadilika ndani ya mwaka mmoja kwa sababu zimewekwa mezani na kila mwenye kura akazipigia. Hela hakuna anayeiweka mezani. Burns ameunda na kamati ya kuangalia hiyo ridhaa yenyewe, na namtakia heri, lakini kura utaipigiaje bahasha ambayo kila mtu anaijua na hakuna aliyeiona? Mimi sisemi mpira usilipwe. Akina Simba na Yanga wanalipa, na mishahara inajulikana ni mishahara, hata kama wanachama wao wanagombana juu ya hisa. Kinachonichukiza ni kulipa huku tunaapa kwamba hatulipi.

Na hao mamluki wako ndiyo hivyo hivyo. Utawapa majina ya vijana wa mtaani, utawalipa nyuma ya duka la Mangi, na mtoto wa jirani aliyefanya mazoezi tangu Machi atakalishwa benchi aangalie. Mkishinda mbuzi, atamchinja nani, atamla nani?

Hela ya mamluki sitatoa. Jezi kumi na nane, mipira miwili na nauli ya kwenda ng'ambo ya mto nitatoa mwisho wa mwezi, mshahara ukiingia. Nitaituma kwenye simu ya wifi, si yako, usinune. Anipigie picha risiti za duka, na orodha ya majina ya wachezaji mbandike pale kwenye mbao ya serikali ya mtaa, kila mtu aione. Kama kamati haitaki, basi waniambie mapema ili hela hiyo ninunue dawa za Mama za miezi miwili kwa mpigo.

Mwambie Mama nitapiga Jumapili baada ya adhuhuri ya kwenu.

Ni mimi mdogo wako.