Risala ya Klabu ya Mila na Historia kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Utamaduni Shuleni, Dodoma

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Shule, walimu, wazee wetu na wanafunzi wenzetu, mbukwenyi!

Klabu yetu inajifunza anthropolojia ya utamaduni, yaani elimu ya namna watu wanavyoishi, na namna ya kuifanya uwandani, kwa kukaa na watu wenyewe.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, katika karne ya 19 wasomi wengi wa Ulaya waliandika habari za watu wasiowahi kuwaona, kwa kutegemea barua za wamisionari na wasafiri. Baadhi ya wanaanthropolojia waliivunja desturi hiyo: Franz Boas alikwenda kuishi na Wainuit, wenyeji wa kisiwa cha Baffin huko Kanada, mwaka 1883. Kati ya 1915 na 1918 Bronislaw Malinowski alipiga hema vijijini katika visiwa vya Trobriand, karibu na Guinea Mpya, na kujifunza lugha ya wenyeji. Hapa kwetu elimu hii ilipita mlango wa utawala: kuanzia 1925 Donald Cameron, gavana Mwingereza wa Tanganyika, alitaka kutawala kupitia machifu, hivyo serikali ikahitaji kujua nani chifu na kwa haki gani. Wazee kumshuku mtu mwenye daftari, kwa hiyo, si ushamba. Baadaye mwanaanthropolojia Peter Rigby alifanya utafiti Ugogo, na mwaka 1969 kikatoka kitabu chake kuhusu ng'ombe na undugu wa Wagogo.

Kazi huanza kwa barua kwa mtendaji wa kijiji, kisha mwenyekiti wa kitongoji, ndipo mwenye kaya. Siku za mwanzo ni za kusalimia, kusaidia kazi na kuchora ramani: nyumba, mazizi, visima, njia. Idadi ya ng'ombe haiulizwi mapema. Inanuka kodi, na hata jibu la kweli hupotosha, kwa kuwa baadhi ya ng'ombe zizini ni wa ndugu au marafiki, wameachwa watunzwe.

Kosa kubwa zaidi ni swali la "una ndugu wangapi?" Neno ndugu lina watu wengi mno ndani yake. Mtafiti W. H. R. Rivers, aliyekuwa kwenye safari ya utafiti ya Torres Strait, kati ya Australia na Guinea Mpya, mwaka 1898, alitoa njia iliyo bora hadi leo: anza na majina. Nani alikuzaa? Mama huyo alizaa nani wengine, wakiwemo waliofariki? Majibu huchorwa kama mchoro wa ukoo: mwanamume ni pembetatu, mwanamke duara, ndoa mistari miwili sambamba. Mchoro ukikamilika ndipo unaonyesha kila alama na kuuliza, "Huyu unamwitaje?" Hapo utaona mwenyewe kuwa ndugu wa kiume wa baba anaitwa baba, ila kaka wa mama ana jina lake.

Umri wa mzee asiye na cheti hutafutwa kwa matukio: alizaliwa kabla ya Uhuru au baada? Alikuwa ameoa ilipokuja Operesheni Dodoma, ile ya kuhamishia watu vijiji vya ujamaa?

Maandishi hukamilishwa siku ileile, kabla ya kulala. Ukurasa una sehemu tatu: kilichoonekana, kilichosemwa, na mawazo ya mwandishi. Kilichosemwa kwa Cigogo, lugha ya Wagogo, kiandikwe kwa Cigogo; tafsiri ifuate baadaye. Ukitafsiri papo hapo, neno la mzee limepotea na lako ndilo limebaki. Majina ya watu yawekewe alama za siri. Kurekodi ni kwa ridhaa, na kinasa sauti kikae karibu na msemaji, mahali palipokingwa, kwa sababu upepo wa kiangazi wa Dodoma humeza sauti.

Tena, anayekuja kiangazi tu huona ngoma baada ya mavuno, lakini hamwoni mama akipalilia uwele mvua zinaponyesha huku ghala likiwa linakwisha. Mwaka mzima ndio kipimo.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba vinasa sauti viwili, madaftari magumu 40 na kabati moja lenye kufuli. Sauti za wazee zilizo kwenye simu hupotea simu inapouzwa au kuharibika, na daftari lililoachwa darasani husomwa na wasiohusika.

Tunaomba kuwasilisha.